Diski Inapogoma

Wengi waliowahi kutumia Linux katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, hawajui kwamba wameitumia. Laptopu yao ina Windows, Windows imekataa kuamka, nao wameipeleka kwa fundi wa karibu na steji, Umoja au Kayole au Donholm, kwenye kibanda chenye M-Pesa upande mmoja na vifuniko vya simu upande wa pili. Fundi anachomeka flashi, anabonyeza F12, na baada ya dakika chache mashine ile ile inaamka ikiwa na Ubuntu, bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Nia yake ni kuzifikia faili za mwenyewe, azitoe, ndipo mengine yaendelee. Diski inaonekana. Ukubwa wake upo, partisheni zake zimejipanga. Akibofya ile kubwa, inagoma. Haimaunti: Linux haikubali kuifungua.

Nimeitazama kazi hii kwa muda mrefu, na nimeifanya pia, na ninachoamini ni kwamba diski nyingi zinazogoma hazijapoteza kitu. Zimegoma kwa sababu mashine ina shaka, na shaka hiyo kwa kawaida ina msingi. Hasara kubwa hutokea baadaye, mikononi mwetu, tunapojaribu kuilazimisha.

Chukua sababu iliyozoeleka kuliko zote. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, ukibonyeza pale pa kuzima kompyuta, mara nyingi haizimiki kabisa. Sehemu ya kumbukumbu yake huandikwa kwenye diski, ili kesho iwake upesi. Partisheni inaachwa nusu mlango: Windows ina hesabu zake ambazo haijazifunga, na inatarajia kurudi izikute vile vile. Linux ikifika katikati na kuandika humo, hesabu hizo zitapishana na yaliyomo, na faili zitaharibika. Kwa hiyo inakataa kuandika. Programu ya ntfs-3g, inayoisomea Linux partisheni za Windows, hukubali kukuonyesha faili kwa kusoma tu. Ile mpya iliyoingia kwenye kerneli, kiini cha Linux, toleo la 5.15 mwezi Oktoba 2021 ni kali zaidi: ikikuta alama kwamba partisheni haikufungwa vizuri, hukataa kabisa kuimaunti kwa kuandika mpaka uilazimishe.

Dawa yake inachekesha. Kama Windows bado inaamka, usiizime, iwashe upya. Kuwasha upya hufunga kila kitu, ilhali kuzima huacha kiporo. Watu wamefanya kazi ofisini miaka kumi bila kuambiwa hilo, na sioni kwa nini wangelibuni wenyewe. Ipo pia njia ya mkato ya kulifuta faili hilo la usingizi kutoka upande wa Linux, na hapo chochote ambacho mwenyewe alikuwa hajakihifadhi kinakwenda nalo. Fundi mwenye haraka huitumia bila kuuliza. Mwenye busara anauliza kwanza kama kulikuwa na kazi iliyoachwa wazi.

Kuna kidirisha kimoja ambacho nakichukia kuliko virusi vyote vilivyowahi kupita katika saiba za Nairobi, hata vile vilivyogeuza folda za kila flashi kuwa njia za mkato. Ni kile cha Windows kinachokuambia kwamba ili uitumie diski hii, sharti uifomati, kisha kinakuuliza kama ungependa kufanya hivyo. Kinatokea wakati Windows imeshindwa kuisoma partisheni, labda kwa sababu ni ya Linux, labda kwa sababu baiti chache za mwanzo zimechafuka. Haijui kilichomo, lakini inapendekeza kukifuta. Na kitufe cha kukubali ndicho kinachong'aa.

Nilikuwa kwenye kibanda kimoja cha Jericho alipoingia mama mmoja wa kwaya na diski ya nje iliyofungwa kwa leso. Ndani mlikuwa na rekodi za kwaya, picha za harusi za waumini, na programu za mazishi ya watu wa pale kanisani.

"Kijana yangu, imekufa?"

"Bado sijajua, mathe. Kuna mahali pengine ilichomekwa?"

"Mtoto wa dada alijaribu jana. Ikamwambia sijui ifomatiwe."

"Akakubali?"

"Anasema hakukubali."

Fundi hakujibu. Aliandika lsblk -f, amri inayotaja kila partisheni, aina ya mfumo wake wa faili, jina lake na kitambulisho chake, akasoma mstari wa mwisho polepole: ntfs, na jina KWAYA kwa herufi kubwa. Mtoto wa dada alikuwa amesema kweli. Kama angekubali kufomati, jina hilo lingekuwa limefutika na kitambulisho kimebadilika. Akaandika dmesg, amri inayoonyesha kerneli inasema nini kuhusu vifaa vyake, na mle akakuta malalamiko yale yale: partisheni ni chafu, haikufungwa vizuri. Diski ilikuwa imechomolewa ikiwa bado inaandika. Akaimaunti kwa kusoma tu, folda zikafunguka, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kunakili kila kitu kwenye diski nyingine kabla ya kurekebisha hata baiti moja. Mama aliketi kwenye stuli akamwambia aanze na za mazishi.

Kwa nini za mazishi? Sikumuuliza. Nadhani za harusi kila familia ina nakala zake.

Bahati hiyo haipatikani kila siku. Mara nyingine lsblk inaonyesha diski nzima, lakini pale panapopaswa kuwa na aina ya mfumo wa faili pako patupu, na ukijaribu kuimaunti unapewa ujumbe ambao kila aliyegusa Linux anaujua: huenda aina ya mfumo wa faili si sahihi, au chaguo ni baya, au supabloku ni mbovu, au kuna msaidizi anayekosekana, au ni kosa jingine. Watu huudhika na ujumbe huo, hasa hilo "kosa jingine". Mimi nauheshimu. Ni nadra mashine kukiri hadharani kwamba haijui, na hapa imekiri kwa mpangilio, ikakuachia orodha ya mahali pa kuanzia.

Mwenyeji wa Eastlands ana njia nzuri ya kuielewa diski, kwa sababu anaishi ndani ya ramani. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, na mpaka leo mtu anakwambia anakaa Phase Three kabla ya kukutajia nyumba. Dandora ilianza kwa mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia katika muongo huo huo, nayo ina awamu zake. Sasa fikiria ofisi yenye ramani ya mtaa imeungua. Karani hawezi tena kukuambia Phase Two inaanzia wapi, na kwa upande wake mtaa umepotea. Lakini nyumba zipo na watu wamo ndani wanapika. Jedwali la partisheni ni ramani hiyo. Katika mpangilio wa zamani, ule uliokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, jedwali lote ni baiti 64 kwenye sekta ya kwanza kabisa ya diski: nafasi nne tu, baiti 16 kwa kila partisheni. Chafua baiti hizo na diski ya tera nzima inaonekana tupu. TestDisk, programu ya Mfaransa Christophe Grenier, hufanya kile ambacho karani angefanya kama angekuwa na viatu vizuri: inatembea mtaa mzima, mlango hadi mlango, ikitafuta mahali panapofanana na mwanzo wa awamu, kisha inaichora ramani upya na kukuuliza kama ndivyo. Mpangilio mpya, GPT, ulijifunza kutokana na balaa hilo. Unaweka ramani ya pili mwisho wa diski.

Mtaa huo huo unaeleza kosa jingine linalowasumbua wanaoendesha Linux kila siku, kama wenye saiba walioihamia ili kuepuka virusi na gharama za leseni. Kerneli huzipa diski majina kwa jinsi inavyozikuta: sda, sdb, sdc. Ni sawa na kumwelekeza mgeni Umoja kwa kumwambia ni nyumba ya mwisho mkono wa kushoto. Mwaka uliofuata mtu amejenga ghorofa tano pale, na mgeni wako anabisha kwa watu wengine. Ukiandika kwenye faili la fstab kwamba /dev/sdb1 imauntiwe kila asubuhi, kisha mteja akaacha flashi imechomekwa usiku, sdb ya leo inaweza isiwe ya jana. Mashine itaingoja partisheni isiyokuwepo kwa sekunde 90, halafu inaweza kukutupa kwenye hali ya dharura yenye maandishi meupe na kiwambo cheusi, foleni ya watu wa kodi za KRA na mikopo ya HELB ikiwa mlangoni. Andika UUID badala yake, namba ile ndefu iliyozaliwa na mfumo wa faili na inayohama nao kokote. Na kwa diski isiyo ya lazima ongeza neno nofail. Basi.

Lakini turudi kwa supabloku, maana hapo ndipo penye utamu. Katika partisheni ya ext4, mfumo wa kawaida wa Linux uliokuwa tayari kwa matumizi mwishoni mwa 2008, baiti 1024 za kwanza huachwa wazi, na 1024 zinazofuata ndizo supabloku. Zisome kwa amri ya dd na uzipitishe kwa xxd, na utaona maisha ya partisheni kwa namba: ina ukubwa gani, ilimauntiwa mwisho lini, mara ngapi, kwenye folda ipi, na ilifungwa ikiwa safi au ina makosa. Katika nafasi ya 56 pana baiti mbili, 53 na EF. Bila hizo mbili, Linux haitakubali kwamba hii ni ext4, hata kama kila faili iko salama mahali pake. Baiti mbili kati ya bilioni nyingi.

Waliobuni mfumo huu walijua hivyo, ndiyo maana supabloku ina nakala ndani ya partisheni. Bloku zikiwa za baiti 4096, kama zilivyo mara nyingi, nakala ya kwanza iko kwenye bloku namba 32768, inayofuata 98304, kisha 163840, na kuendelea. Unaiambia e2fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, itumie nakala ya 32768, nayo inaijenga upya ile ya mbele. Namba hiyo ya kwanza mafundi wengine huijua kwa kichwa kama namba ya simu ya nyumbani. Usipoijua, mke2fs -n itakutajia orodha nzima bila kuandika kitu, mradi uipe vipimo vile vile vya mwanzo. Ukisahau herufi hiyo moja ya n, amri ile ile inatengeneza mfumo mpya wa faili juu ya ule wa zamani. Sijui aliyeamua kwamba kutazama na kufuta vitenganishwe kwa herufi moja alikuwa anawaza nini. Mtu anayeiandika saa tatu usiku, mwenye diski amesimama nyuma yake akihema, anastahili kinga zaidi ya hiyo.

Na mwenye diski husimama nyuma kweli. Haraka ya Eastlands si ulegevu wa mtu, ina sababu zake: nauli ya kurudi, tarehe ya mwisho ya kutuma fomu, na stima. Stima ndiyo inayojaza meza za mafundi. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, giza lilifunika karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na hilo lilikuwa kubwa la kuandikwa magazetini. Yale madogo ya mtaa mmoja, dakika kumi hapa, saa mbili pale, hayaandikwi popote. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba hukatwa katikati ya sentensi.

Zamani, kwenye ext2, mkato kama huo ulimaanisha kukagua diski nzima kabla ya kuitumia tena. Ext3, iliyoingia kwenye kerneli mwaka 2001, ilileta daftari: kabla ya kubadilisha mpangilio wa faili, mfumo huandika kwanza unachotaka kufanya. Stima ikirudi, unasoma daftari, unamaliza lililoanza au unaliacha. Ni kazi ya sekunde, na ndiyo maana partisheni nyingi za Linux huamka baada ya giza kana kwamba hakukuwa na jambo. Ila kuna mtego ambao hata wazoefu huuangukia. Ukiimaunti ext4 iliyokatwa vibaya kwa kusoma tu, bado daftari linatekelezwa, maana yake diski inaandikwa ijapokuwa uliomba isiandikwe. Kama diski yenyewe ni mgonjwa na hutaki iguswe, ongeza noload.

Wagonjwa wa kweli ni wengi. Soko letu la kompyuta linaishi kwa mashine za mtumba, zile zinazouzwa kwa jina la ex-UK hata zikiwa zimetoka kwingine, na diski zake zimeshafanya kazi ya ofisi fulani ya mbali kabla ya kufika Luthuli Avenue na baadaye Komarock. Amri ya smartctl itakuambia diski imewaka saa ngapi maishani. Saa 30,000 si ajabu, na hizo ni zaidi ya miaka 3 mfululizo mchana na usiku. Tazama zaidi sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri. Zikiwa zinaongezeka kila ukipima, acha kutafuta kosa kwenye mfumo wa faili. Acha fsck kabisa, kwa sababu kuikagua diski inayokufa ni kuikimbiza. Chukua ddrescue ya Antonio Díaz Díaz, nakili diski nzima kama picha kwenye diski nyingine yenye afya. Itachukua kwanza panaposomeka kirahisi, kisha irudi kwenye pagumu, na inaandika orodha ya ilikofika ili stima ikipotea usianze upya. Ukishapata picha hiyo, fanya majaribio yako yote juu yake. Ile ya mwanzo irudishe kwenye leso.

Flashi bandia nazitaja kwa kifupi, maana zinaumiza wengi: ile ya tera mbili kwa mia chache, iliyofundishwa kudanganya kuhusu ukubwa wake. Mwanzo wake ni halali, kwa hiyo ramani na majina ya faili huonekana vizuri, lakini yaliyozidi uwezo wake halisi hayakuandikwa popote. Hapo hakuna cha kuokoa. Programu ya f3 huigundua kwa kuandika na kusoma tena. Itumie siku unayonunua.

Studio za chumba kimoja ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Muziki wa Genge ulitoka California Estate, kwa Calif Records, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo kijana mwenye kompyuta, maikrofoni na magodoro ukutani ameweza kurekodi mtaa wake. Wimbo uliokamilika huenda upo kwenye simu za watu. Lakini sauti moja moja kabla ya kuchanganywa, ubeti uliokatwa, ngoma bila mwimbaji, hivyo vimekaa kwenye diski moja chini ya meza, nayo ikigoma, mwenyewe hupelekwa na hasira moja kwa moja kwenye kile kidirisha. Baada ya kufomati kwa haraka bado yapo mengi, kwa kuwa ramani tu ndiyo imechorwa upya, na programu ya PhotoRec inaweza kuzitambua faili kwa baiti zake za mwanzo. Inazirudisha bila majina. Maelfu ya sauti zinazoitwa f na tarakimu, na mtu wa kukaa azisikilize moja baada ya nyingine.

Fundi anayesubiri nakala imalizike huona mengi. Majina ya folda tu yanatosha: kesi ya shamba, matokeo ya hospitali, barua za mtu asiye mke. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, ila kibandani kinga halisi ni tabia ya fundi kugeuza kiwambo kielekee ukutani. Wapo wanaofanya hivyo. Ukimpata mmoja, usimbadilishe kwa sababu ya shilingi mia mbili.

Yote niliyoeleza yanadai subira, na subira imekuwa ikitosha kwa sababu diski ziligoma kwa shaka. Sasa inakuja aina nyingine ya mgomo. Laptopu mpya zaidi zenye Windows 11 huja na partisheni iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la usimbaji la Windows, mara nyingi bila mwenyewe kujua kwamba aliifunga. Linux inaitambua vizuri, inaitaja kwa jina, na programu ya cryptsetup inaweza kuifungua tangu toleo la 2.3 la mwaka 2020, ila inataka ufunguo wa tarakimu 48. Hakuna nakala ya supabloku itakayosaidia, wala TestDisk, wala kukesha. Ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti ya mwenye laptopu huko Microsoft, na ndiyo sababu mazungumzo ya kibandani yamebadilika.

"Tupatie emaili uliyofungulia mashine, mzee wangu."

"Sikufungua mimi. Ni kijana wa saiba."

"Saiba ipi hiyo?"

"Ile ya pale steji. Lakini siku hizi ni bucha."